Bandeji ya Mzee Abbasi

Bandeji? Hapana, haikuwa ya daktari, ndiyo maana nakwambia tulia. Daktari hakumfunga hata uzi. Bandeji aliinunua Mzee Abbasi mwenyewe, kwa hiari yake na akili zake timamu, akalifunga lile lile jicho alilotoka kutibiwa, akawa kipofu kwa gharama zake. Wengine hupofushwa na maradhi. Mzee Abbasi alipofushwa na heshima.

Lakini ngoja nianze na mbuzi, maana kisa kilianza na mbuzi kikaishia kwa mbuzi, huku katikati ndiyo yakaingia hayo mambo ya leza.

Mzee Abbasi alikuwa mchinjaji wetu hapa Mbuchi. Si mchinjaji wa bucha, bucha yenyewe iko wapi? Huku nyama tunaijua kwa harusi, hitima na Idi. Siku zilizobaki ni kamba na samaki mpaka mtu unaota magamba. Ndiyo maana mchinjaji kwetu ana cheo. Kila tonge la nyama unalotia kinywani unalitia kwa kuuamini mkono ule: kwamba kisu kilikuwa kikali, kwamba jina la Mungu lilitajwa, kwamba mnyama hakuteswa. Na shingo ya mbuzi ni ya mchinjaji. Hata aje mkubwa gani kutoka wilayani, atapewa paja, atapewa na kiti cha kukalia, shingo hapewi.

Basi, jicho lake la kushoto lilikufa zamani, enzi za ujana, akikata boriti mikokoni. Kibanzi kiliruka, mambo yakaisha. Akabaki na la kulia, na kwa hilo moja alichinja miaka na miaka bila neno la mtu. Halafu hilo moja nalo likaota mtoto wa jicho. Likapasuliwa, akawekewa kioo kidogo cha plastiki humo ndani, akaona vizuri, akawasifu madaktari kuliko walivyojisifu wao. Baada ya muda ukungu ukarudi taratibu. Je, alisema? Wapi. Mwanamume wa kwetu akianza kutoona hukwambia taa za siku hizi zimepungua mwanga.

Na nyakati zenyewe zilikuwa zile za ruksa. Kila kitu ruksa. Miaka ya nyuma sabuni ilikuwa ya kupangia foleni, mara ghafla maduka ya Ikwiriri yakajaa mpaka vitu ambavyo hatujui vinatumikaje. Nguo za mtumba, viatu vya mtumba, na miwani pia ya mtumba, imemwagwa juu ya turubai kama dagaa. Khamisi, mdogo wake Bi Mwantumu, yaani shemeji yake Mzee Abbasi, akamletea moja. Mzee akaivaa, akasema anaona vizuri sana. Kweli alikuwa anaona, ila vile vitu alivyokuwa anaviona havikuwa pale alipoviona.

Siku ya Idi ya kuchinja akavaa miwani yake ya marehemu wa Ulaya, akasoma bismillahi kwa sauti nzuri, akapitisha kisu. Mbuzi akasimama. Akawatazama watu, watu wakamtazama, akaondoka zake. Alikuwa amechanwa kidogo chini ya taya, kama mtu aliyejikata akinyoa ndevu. Akakimbilia mikokoni, tope likamnasa, maji yakajaa, akafia huko kifo chake mwenyewe. Nyamafu. Idi ile tuliila kwa samaki wa kukausha, na watoto wakalia kama msibani.

Toka hapo kijiji kikapata msemo. Paa la darasa likiishia nusu, "mbuzi wa Abbasi." Mkutano ukivunjika kabla ya maazimio, "mbuzi wa Abbasi." Mtu akichumbia asioe, hivyo hivyo. Mzee alikuwa anapita anasikia, anajikohoza, anaendelea na safari yake. Masikio yake yalikuwa mazima, ndiyo ilikuwa bahati mbaya yake.

Sasa angevumilia hayo, lakini palikuwa na Zamda. Zamda ni mjukuu wake, alimlea yeye na Bi Mwantumu toka mama yake alipofariki. Mtoto yule amekulia dunguni, kule shambani, babu anafukuza ndege na nguruwe, yeye anaimba. Na toka akiwa hajui kufunga kanga, mzee alimwahidi: "Nyama ya harusi yako nitaichinja mimi, kwa mkono huu." Sasa mchumba kapatikana, harusi imewekwa baada ya mavuno, na wazee wameshakaa. Wakasema kwa upole, ule upole uliotiwa ndimu, kwamba mzee apumzike, kazi aishike Khamisi. Mzee Abbasi alielewa vizuri maana yake. Kisu kikichinja harusi ya Zamda mkononi mwa Khamisi, kimehama nyumba. Hakirudi tena.

Ndipo alipokwenda zahanati, kwa nesi Petronila. Petronila kwao bara, huko kwenye migomba, aliletwa na serikali akafika na boti akiwa anatapika, watu wakasema huyu hamalizi mwezi. Mpaka leo yupo. Akammulika mzee jicho kwa kurunzi.

"Mzee wangu, huu si uzee. Nyuma ya kile kioo walichokuwekea pameota utando. Dar es Salaam kuna hospitali ya macho wana mashine ya leza. Watautoboa, utaona."

"Watanipasua tena?"

"Hawapasui. Wanapiga nuru tu."

"Wanapiga nuru," mzee akarudia, "halafu mimi nawapigia makofi."

"Ukiona unataka kupiga, piga. Lakini nenda kwanza."

Akaenda. Nauli ilitoka kwa kamba, maana wakati ule wachuuzi wa mjini walikuwa wanakuja na masanduku ya barafu wanagombania kamba wetu kana kwamba kwao bahari imekauka. Akafuatana na mkewe, Bi Mwantumu, mtumbwi mpaka penye gari, lori mpaka Kibiti, basi mpaka Dar. Njia nzima mzee alikuwa anajiandaa kwa kisu. Mtu ambaye maisha yake yote amekuwa upande wa mpini, akigeuziwa makali, lazima awaze.

Daktari wa leza alikuwa kijana, jina lake Ebenezer, koti jeupe, kiatu kimeng'aa. Mzee Abbasi hakumpa hata nafasi ya kukaa.

"Daktari, shikamoo haikuhusu, wewe ni mwanangu. Mimi ni mchinjaji. Naomba kabla hujaanza unionyeshe kisu chenyewe nikipime kwenye ukucha."

"Hakuna kisu, baba."

"Vizuri. Hata mimi simwonyeshi mbuzi kisu. Ni adabu. Lakini mimi si mbuzi."

Daktari akacheka, akaketi, na yule kijana hakuwa na kiburi. Akaeleza. Akasema yule mtoto wa jicho walipomtoa, walikiacha kifuko chembamba cha nyuma ili kishike kile kioo cha plastiki. Sasa kifuko kile kimeingia ukungu. Leza ni nuru kali, iliyokusanywa ikawa nyembamba kuliko sindano, nayo itatoboa kidirisha katikati ya kifuko, ukubwa wa punje ya mtama, basi.

Mzee akaelewa mara moja, maana yeye utando wote wa mwili anaujua. "Kama ule wa kwenye figo."

"Kama ule, lakini mwembamba zaidi."

"Na hiyo nuru ili ifike nyuma lazima ipite mbele. Mbele hapaungui?"

"Baba umewahi kuona mtoto akichoma karatasi kwa kioo na jua? Kioo kinaungua?"

"Hakiungui. Inaungua karatasi."

"Ndiyo hivyo. Nuru inapopita haina nguvu. Nguvu iko pale inapokutania."

"Kwa hiyo anapita mlangoni bila kumgusa wa sebuleni, anamkata wa chumbani," akasema Bi Mwantumu. "Kazi hiyo kwetu inafanywa na watu wabaya, tena huwa hatuwalipi."

Daktari, kwa kuwa alishaona amepata wasikilizaji, akajimwaga. Akasema kuna leza nyingine ya wagonjwa wa sukari, mishipa yao ya nyuma ya jicho ikianza kuvuja damu inachomwa isivuje. Akasema nchi za wenzetu wanavunjia mawe ya kwenye njia ya mkojo, wanaingiza kijiti chembamba kama unywele wa farasi, jiwe linageuka mchanga. Wanakatia uvimbe kooni. Na uzuri wake, pale inapochoma nyama, mishipa midogo inajifunga hapo hapo, damu haimwagiki.

Mzee Abbasi akamsikiliza mpaka mwisho kwa heshima, halafu akauliza, "Na mbuzi?"

"Mbuzi bado."

"Alhamdulillahi," akasema mzee. "Maana damu isipomwagika sisi hatuli."

Wakamtia matone, mboni ikafunguka, wakamwita chumba cha ndani. Kuingia tu akauliza kibla kiko upande gani, ili alale vizuri. Nesi wa pale akashangaa. Hakuna kulala, mzee, unakaa kwenye stuli, kidevu hapa, paji la uso hapa. Mzee akakaa, lakini moyoni alidharau. Mbuzi mwenyewe hachinjwi amekaa. Akatiwa ganzi ya matone, akawekewa jichoni kikombe kidogo cha kioo chenye ute, akaona kidoa chekundu kinacheza. Akasema bismillahi yeye mwenyewe, maana aliona daktari amejisahau. Pakalia ti. Pakalia ti, ti. Kama mjusi yuko darini. Mzee akakaza meno, akasubiri kazi ianze.

"Tayari, baba."

"Tayari. Anza tu."

"Nimemaliza."

Mzee akabaki na kidevu pale pale juu ya mashine. "Umemaliza nini?"

"Kidirisha nimeshatoboa. Leo utaona kama kuna vinzi vinaruka, visikutishe, vitapungua. Kesho dawa ya kufungua mboni ikiisha, utaona."

"Bandeji?"

"Haihitajiki."

"Pamba basi."

"Hata pamba. Utapewa matone tu."

Mzee akatoka nje amevunjika moyo kama mtu aliyealikwa karamu akapewa maji. Safari yote ile, kamba wote wale, kwa ajili ya kubofyabofya. Akamwambia mkewe wameibiwa. Bi Mwantumu akasema walale kwanza, wezi wa mjini hawakimbii.

Walikuwa wamefikia Mbagala, kwa ndugu. Asubuhi mzee akafumbua jicho. Akaona ukuta. Ukutani akaona mjusi, na mkia wa mjusi, na nchani mwa mkia akaona ulipokatika ukaota upya. Akageuka akamwona mkewe anasonga nywele, akamtazama muda mrefu.

"Mama, umezeeka lini?"

"Ulipokuwa huoni," akasema Bi Mwantumu. "Nilipata nafasi."

Lakini alilia, yule mama. Mzee naye aliyaona machozi moja moja yanavyoshuka, akasema tu kwamba chumba kina moshi.

Hapa ungesema kisa kimekwisha, mtu kapona, arudi kwao achinje. Wewe humjui Mzee Abbasi, na tena unajifanya huijui Mbuchi. Kwenye basi, kadiri wanavyokaribia Kibiti, furaha ikaanza kugeuka. Alikuwa anahesabu miti ya barabarani kwa raha, mara akaacha.

"Mama, nitawaambia nini?"

"Kwamba umepona."

"Kwa ushahidi gani? Sina mshono. Sina damu. Sina hata doa. Khamisi atasema tumekwenda mjini kutembea. Watasema hata matibabu yake ni mbuzi wa Abbasi."

Na hapo, niseme haki, hakukosea. Sisi kwetu mgonjwa hujuliwa hali. Mtu akitoka hospitali kijiji kizima kinakuja, huyu na uji, yule na kuku, na wakija wanataka kuona. Mgonjwa anafunua, watu wanasema "loo, pole," wanahesabu nyuzi, wanalinganisha na za fulani. Mgonjwa asiye na cha kufunua ni mvivu tu aliyepumzika. Ndiyo desturi, tuliikuta.

Kibiti wakati ule maduka ya dawa yalikuwa yameota kama uyoga, ruksa hiyo hiyo. Mzee akaingia la kwanza, akatoka na bandeji nene, roli zima.

"Unaumwa wapi?" akauliza Bi Mwantumu.

"Nifunge."

"Jicho limetoka kufunguliwa na mashine ya Wazungu, unataka mimi nilifunge na kitambaa cha dukani."

"Siku mbili tatu tu, wamalize kunijulia hali."

"Basi tununue na dawa nyekundu, tupake juu, ndiyo watakupa na jogoo."

Alikuwa anamkebehi. Mzee akarudi dukani akanunua dawa nyekundu.

Akafika Mbuchi anashikwa mkono kama bwana harusi. Na kwa kweli mapokezi yalifana. Uji wa mchele ulikuja, kuku walikuja, wanawake walikuja na "pole" ndefu zenye mwangwi. Mzee amelala barazani, kichwa kimevimba bandeji kama mzinga wa nyuki, doa jekundu mbele, anahadithia. Wakauliza jicho litafunguliwa lini. Hapo ndipo ulimi ulipomponza, maana utamu wa kusikilizwa unalevya kuliko tembo la mnazi. Akasema, "Daktari kanionya. Nisilifungue mpaka mwezi uandame."

Khamisi alikuwa amekaa pembeni anakula kuku wa mgonjwa. Akaweka mfupa chini.

"Pole sana shemeji. Sasa harusi ni Jumamosi hii."

Watu wakageuka kumtazama mgonjwa.

"Lakini usijali," akaendelea Khamisi, "mimi nipo. Na kisu nimeshanunua Ikwiriri. Kipya. Kinang'aa, unaweza kujitazamia ukachana na nywele."

Mzee Abbasi aseme nini? Kama anaona, bandeji ya nini? Na kama haoni, kisu cha nini? Alikuwa amejichimbia shimo, akalitia maji, akaingia, na sasa watu wanampa pole kwa kulowa.

Kesho yake nesi Petronila akapita kumwona mgonjwa wake. Akaizunguka ile bandeji kama mtu anayetazama nyumba ya kupanga.

"Mzee wangu, nani alikufunga?"

"Hospitali."

"Na hii dawa nyekundu ya vidonda vya miguu, nayo waliitia jichoni?"

Mzee akashusha sauti. "Mwanangu, nisitiri."

"Siri ya mgonjwa siitoi, nimeapa. Ila uongo wa mgonjwa sikuuapia." Akamwinamia. "Unaona?"

"Naona mpaka mkia wa mjusi."

"Basi fungua."

"Nikifungua, mimi ni mwongo wa kijiji."

"Usipofungua, Jumamosi anachinja shemeji yako. Chagua, mzee wangu. Mimi nimeleta matone." Akaacha matone juu ya kigoda, akaenda zake.

Hakuchagua. Zamda naye akaja, akakaa miguuni pake, akasema, "Babu, bora upone. Hata usipochinja wewe, mimi sitasikitika." Akasema hivyo huku sauti inamkatika, mtoto hajui kudanganya, hajachukua kwa babu yake. Mzee akampapasa kichwa, kama kipofu kweli.

Jumamosi ikafika. Ua umefagiwa, masufuria ya wali yako jikoni, wanawake wanakuna nazi na kusema watu. Mzee Abbasi wamemkalisha kwenye kiti cha uvivu karibu kabisa na shimo la kuchinjia, mgeni wa heshima asiye na kazi. Sasa, ile bandeji Bi Mwantumu alimfunga kwa hasira, na kitu kilichofungwa kwa hasira hakikai. Ilikuwa imelegea chini, upande wa pua, ikaacha kiufa. Kwa kiufa kile mzee alikuwa anaona kila kitu, toka magotini kushuka. Aliwajua watu wote kwa miguu. Alimwona Khamisi anapita na kandambili mpya. Alimwona Khamisi huyo huyo amechuchumaa anawapasulia wageni madafu kwa kile kisu chake kipya, pa, pa, na kila aliyesifu kisu alipasuliwa dafu la pili.

Mbuzi akaletwa, akalazwa, akaelekezwa kibla. Maalimu wa madrasa akasimama kando. Khamisi akachuchumaa, akakunja mikono ya kanzu, akashusha kisu. Na mbuzi amelala chini, si ndiyo? Na kisu kiko shingoni kwa mbuzi, yaani chini. Yaani hasa pale pale kiufa kilipokuwa kinatazama.

Mzee Abbasi akaliona pengo.

Lilikuwa katikati ya makali, dogo, kama jino la mtoto lililong'oka. Kisu cha dukani, bati lililopakwa mng'ao, kimepigizwa kwenye vifuu vya madafu asubuhi nzima, kingebaki vipi? Akajua kitakachotokea kama anavyojua jina lake. Pengo litanasa kwenye koo, Khamisi atavuta, koo litachanika badala ya kukatika, mbuzi atapiga mateke, maalimu atatikisa kichwa. Nyamafu ya pili. Na safari hii si Idi. Ni harusi ya Zamda, na wakwe wamekuja kwa boti kutoka Salale, wamekaa wanatazama. Mtoto ataolewa na msemo wake mwenyewe.

Alikuwa na nafasi ya kunyamaza. Angenyamaza, Khamisi angeaibika, na yeye bandeji yake ingebaki na heshima zake zote. Nasikia shetani alimkalia begani kabisa, akaanza kumpepea.

"Simamisha kisu," akasema Mzee Abbasi.

Khamisi akageuka. "Shemeji, pumzika. Umesikia nini?"

"Sikusikia. Nimeona. Kisu chako kina pengo katikati."

Watu wakatazamana. Mzee akashika ncha ya bandeji akaanza kuizungusha, na ilikuwa ndefu, balaa, kila akizungusha bado ipo. Watu wamesimama tu wanangoja, hata nazi ziliacha kukunwa. Mwisho ikadondoka mapajani. Jicho likatokea, jeupe, safi, halina kovu wala mshono, linapepesa juani.

"Kumbe mwezi umeandama mchana," akasema Khamisi. Watu wakaangua kicheko, na wakwe nao wakacheka kwa kufuata.

"Nilidanganya," akasema mzee. "Hawakunikata. Walipiga nuru, ikalia kama mjusi, nikapona. Niliona aibu kurudi mzima. Nichekeni, lakini msimchinje mbuzi kwa kisu hicho."

"Jicho lililojificha nyuma ya uongo ndilo lionye kisu changu?" Khamisi akawageukia watu, akakiinua. "Kisu hiki kipya. Pengo liko wapi? Hili hapa?" Akapitisha kidole gumba juu ya makali, polepole, kwa madaha, kama muuza kitambaa. Alipofika katikati, pengo likamnasa.

Damu tuliyoikosa safari nzima ya Dar ikapatikana pale.

Nesi Petronila alikuwa amekaa na wageni. Akainuka, akaiokota ile bandeji mapajani kwa mzee, akakikagua kidole, akasema ni kidonda cha kawaida, na kwa bahati nzuri dawa nyekundu imo humo humo. Akakifunga kidole gumba, na mkono mzima, na kifundo, maana roli lilikuwa refu na yeye alikuwa na hasira zake za siku nyingi. Watu wakampa Khamisi pole. Safari hii palikuwa na cha kutazama.

Maalimu akakichukua kisu, akakipitisha kwenye ukucha, akakiweka chini. Kisha akamtazama Mzee Abbasi. "Kisu chako kiko wapi?"

"Chini ya mto," akasema Bi Mwantumu kabla mumewe hajajibu. "Kimenolewa toka tulivyorudi. Mgonjwa alikuwa anakinoa watu wakishaondoka."

Zamda mwenyewe, hina mikononi, ndiye aliyekwenda kukichukua, wanawake wanampigia kelele kwamba bibi harusi hatoki ndani. Kile kisu cheusi, kilichofuliwa na mhunzi kwa chuma cha springi ya lori, hakina mng'ao wowote. Mzee akakificha ubavuni ili mbuzi asikione. Akachuchumaa, akatazama kwa jicho lake moja, akaona unyoya mmoja mmoja shingoni. Akataja jina la Mungu. Akapitisha mara moja.

Mbuzi hakusimama.

Alasiri wali ulipakuliwa, ukapanda mvuke, majamvi yakatandikwa. Wanaume wakazunguka masinia. Sinia la wazee likaja, shingo imewekwa juu kabisa, na lilipotua, likatua mbele ya Mzee Abbasi, pasipo mtu kutangaza. Akanawa. Halafu akaona, maana sasa alikuwa anaona kila kitu, kwamba Khamisi amekaa tu mbele yake, mkono wa kulia umefungwa kama mtoto mchanga, na wa kushoto hali nao. Petronila akatuma kijiko kutoka upande wa wanawake. Khamisi akakitazama kile kijiko kana kwamba kimemtukana.

"Sogea, mbuzi wangu," akasema Mzee Abbasi.

"Shemeji, usinitanie mbele ya wakwe."

"Sogea, wali unapoa."

Akasogea. Mzee akachambua shingo, akafinyanga tonge zuri la wali, akaweka kipande cha nyama juu, akamtia shemeji yake kinywani. Khamisi akatafuna, kichwa chini.

"Ina chumvi?" akauliza mzee.

"Imekolea," akasema Khamisi, na mikono yote ikaingia sinia.